Mizani na Mwamba

Jumatatu, 4 Mei

Nimerudishwa nyumbani na karatasi yenye mhuri. Inasema nimesimamishwa masomo kwa muhula mmoja kwa "kuwahamasisha wanafunzi kugomea chakula cha bwalo na kuudharau uongozi mbele ya wageni." Nimeisoma mara tano na sioni la kukanusha. Niliwahamasisha. Niliudharau. Wageni walikuwepo. Ili nipokelewe tena, natakiwa kuiandikia kamati ya nidhamu barua ya kujieleza kabla ya mwisho wa Julai. Nimeianza leo, imefika ukurasa wa nne na bado sijatoka kwenye utangulizi.

Mama aliisoma ile karatasi amesimama mlangoni, ungo ukiwa kwapani.

"Kwa hiyo umefukuzwa."

"Nimesimamishwa, Mama."

"Tofauti yake?"

"Nitarudi."

"Basi kesho tunaingia shambani. Alizeti haijui kusimamishwa."

Jumanne, 5 Mei

Viganja vimechubuka vyote viwili. Miaka mitatu ya uchumi wa maendeleo haijanifundisha kukishika kichwa cha alizeti.

Jumamosi, 9 Mei

Leo nimeliona debe lenyewe. Linakaa nyumbani kwa Mzee Ezekieli, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima, likiusubiri msimu kama mfalme asubiriavyo kodi. Ni mali ya Bwana Mselemu, mfanyabiashara wa Singida mjini, ambaye huliacha huku mwaka hadi mwaka ili asisumbuke kulibeba kupitia Mtinko. Limegongwa kwa nyundo kutoka ndani hadi pande zake zote nne zimetuna. Likishajaa, juu yake hupandishwa kichuguu cha mbegu mpaka zianze kumwagika, ndipo linahesabiwa kuwa debe moja.

Nilimuuliza Mzee Ezekieli ni nani aliyeukubali utaratibu huu.

"Nimeukuta," akasema.

Ameukuta! Ni dhuluma ngapi katika nchi hii zinaishi kwa neno hilo moja? Mvua ilikatika Februari. Mahindi na mtama wa mwaka huu havitaivuka Oktoba, na kila mtu hapa anajua kwamba alizeti ya leo ndiyo mahindi ya Novemba. Kila konzi inayomwagikia ndani ya tumbo la lile debe ni mlo wa mtu. Naapa katika ukurasa huu kwamba msimu huu halitajazwa hata mara moja.

Alhamisi, 14 Mei

Niliomba nafasi ya kuzungumza na kikundi. Familia arobaini zilileta wajumbe kwenye ghala la zamani la pamba, nami nikatundika bango nililotoka nalo chuoni: mistari miwili inayokatana, bei upande mmoja, kiasi upande mwingine. Nilikuwa katika dakika ya kumi Shangazi Evodia, dada wa marehemu baba yangu, aliponyoosha mkono.

"Mwanangu, huo mstari unaoshuka ndio nini?"

"Ni mahitaji ya soko, Shangazi."

"Na huo unaopanda?"

"Ni ugavi. Yaani nyinyi."

"Na pale wanapokutana?"

"Hapo ndipo ilipo bei."

"Mimi nimekaa hapo miaka thelathini, hakuna aliyepita akanisalimia."

Ghala zima liliangua kicheko. Nililishusha bango. Nikauliza kama kikundi kina chombo chochote cha kupimia, na hapo kicheko kikakatika ghafla. Mzee Ezekieli alikohoa, akanionyesha pembeni. Miaka mitatu iliyopita mradi fulani uliwaletea mizani mpya ya chuma, ya kusimama sakafuni, pamoja na kijitabu cha elimu ya uchumi kwa mkulima. Kulikuwa na semina ya siku mbili, soda, biskuti na picha ya pamoja. Kisha mradi ukaondoka. Tulipofunua gunia lililoifunika mizani, juu yake alikuwa amelala kuku wa mwenyekiti, na chini ya kuku palikuwa na mayai kumi na moja.

Miaka mitatu elimu ya uchumi ilikuwa imeatamiwa. Kuku alihamishwa kwa kelele nyingi. Mizani inafanya kazi.

Jumatano, 20 Mei

Ushindi! Bwana Mselemu alikuja na pikapu saa nne. Watu wote walimwamkia. Mimi peke yangu nilimnyima shikamoo, na Mama akanifinya mbavuni. Mbele ya umati nilijaza debe lake kwa desturi yake, na kichuguu juu, nikalipandisha kwenye mizani: kilo kumi na mbili na nusu. Nikajaza debe la kawaida la dukani, nikalisawazisha kwa ubao: kilo kumi. Nikageuka nikasema, "Ndugu zangu, kwa kila debe mlilouza, mlimtolea huyu bwana sadaka ya kilo mbili na nusu, na wala hakuwahi kusema amina!"

Vigelegele vilipigwa. Bwana Mselemu, mtu mzima mwenye kofia safi na sauti ya taratibu, alisubiri vitulie.

"Umemaliza, binti?"

"Nimeanza."

"Haya. Mizani inasema uzito. Haisemi uzito wa nini."

Nikamjibu kwamba maneno ya kuzunguka namna hiyo tuliyazoea tangu mwaka wa kwanza. Akatabasamu, akapanda gari lake tupu. Debe aliliacha. "Likae," alisema, "nimelizoea hapo."

Tukapitisha azimio: kila familia italeta alizeti ghalani, itapimwa, gunia litaandikwa jina la mwenyewe kwa rangi, na tutauza kwa pamoja Julai bei ikipanda. Nilifunga kikao kwa maneno ambayo watu wamekuwa wakiyarudia njia nzima: "Kila kilo ni haki yenu. Msipoteze hata moja!"

Jumamosi, 23 Mei

Magunia kumi na manne.

Jumatano, 27 Mei

Thelathini na tisa. Barua ya kamati imefika ukurasa wa saba, na leo nimewaeleza maana ya neno "mgeni".

Jumapili, 31 Mei

Nyuma ya nyumba ya Shangazi Evodia kuna mwamba mpana, bapa kama sakafu ya ukumbi. Kila ukoo hapa una mwamba wake wa kuanikia, mkubwa au mdogo. Mbegu ikishapurwa na kupepetwa hupelekwa huko, na haitoki hadi "iseme". Shangazi huchota konzi, huinua mkono usawa wa bega, huziachia na kusikiliza. Mbegu mbichi huanguka kimya. Kavu hulia kama matone ya kwanza juu ya bati. Huchukua siku sita, saba, hata nane.

Leo nimefanya jaribio. Ndoo niliyoipima jana kwenye mwamba wetu ilikuwa na kilo kumi na mbili. Leo mbegu zilezile zina kilo kumi na moja na nusu. Jua limekula nusu kilo pasipo kutoa risiti! Nilimweleza Mama, tukazoa alizeti yetu yote siku yake ya pili tu, tukaifikisha ghalani kabla haijapungua zaidi. Niliwaeleza na majirani. Hadi alasiri miamba yote ilikuwa mitupu, isipokuwa wa Shangazi.

"Shangazi, unapoteza kilo."

"Haijasema bado."

"Shangazi, alizeti haisemi."

"Wewe unaongea, utaisikia saa ngapi?"

Jumamosi, 6 Juni

Magunia mia moja ishirini na saba! Leo wengine wameleta mbegu za vichwa vilivyokatwa vikiwa bado na unjano. Nimezungumza dakika arobaini. Upepo ni mkali, na baridi imeingia.

Jumanne, 9 Juni

Paka wa Mzee Ezekieli amehamia ghalani, na kuku nao wamepanda juu ya magunia. Mzee anasema paka anawinda panya. Nadhani hata wanyama wamekielewa kikundi.

Alhamisi, 11 Juni

Naandika haya jioni, mgongo ukiwa umekufa, na nayaandika yote kwa sababu sitaki siku moja nije kujisimulia vinginevyo.

Asubuhi nilikwenda kuhesabu magunia, kazi niliyokuwa naipenda kupita kiasi. Nilipofungua mlango nilipokelewa na harufu kama ya pombe iliyolala. Paka alikuwa amejinyoosha juu ya gunia lililoandikwa SELINA, jina la mama yangu. Nilimwondoa, nikaweka kiganja pale alipokuwa. Joto. Nikadhani ni joto la paka. Nikashika gunia la jirani, ambalo hakuna kiumbe aliyelilalia. Joto. Nikafungua mdomo wake, nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, nikautoa kama mtu aliyegusa sufuria.

Nilikaa chini. Magunia mia moja ishirini na saba, familia arobaini, na mvua iliyokatika Februari. Nilichelewa kuelewa, lakini nilipoelewa nilielewa yote kwa mkupuo. Debe, hata lile la kitapeli, hujazwa sawa na mbegu mbichi au kavu. Hakuna aliyepata hasara kwa kuusubiri mwamba. Nilipoleta kilo nikayafanya maji kuwa mali. Kila siku ya jua ikawa hasara, na watu wakaikimbia, nikiwa mbele yao. Kinachoniuma ni kwamba hawakunielewa vibaya. Walinielewa kikamilifu.

Nakiri hapa, ambapo hakuna kamati: kwa muda wa pumzi kadhaa nilifikiria kuufunga mlango, nirudi nyumbani, niache mtu mwingine aligundue.

Nilimkuta Mzee Ezekieli anapiga mswaki. Nilimwamkia, nikamwambia. Hakunigombeza, aliweka kikombe chini polepole sana, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa.

"Nani anajua kuiokoa mbegu iliyoshika moto, Mwenyekiti?"

"Mselemu. Ananunua alizeti tangu hujazaliwa. Mpigie."

"Mimi?"

"Aliyemfukuza ni nani?"

Nilipiga simu nikiwa nimesimama, kama niko mbele yake.

"Shikamoo, Bwana Mselemu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Aneth. Binti wa Selina."

"Aaa, yule aliyeanza."

"Ndiye."

"Zina moto?"

Sikuwa nimemwambia lolote. "Zina moto."

"Zimeshikana mabonge?"

"Bado. Ila zinanuka."

"Basi sikiliza. Msifunge mlango. Magunia yote nje, sasa hivi, mwage, msirundike. Nakuja na maturubai."

"Tutakulipa nini?"

"Binti, usinipambe. Sina mapenzi na nyinyi, nina shida na alizeti. Zenu zikioza, mimi nitakamulisha nini? Mwaga mbegu."

Mzee Ezekieli aliagiza kengele ya shule ipigwe, na watu wakaja wakidhani ni msiba. Nilisimama mbele yao. Nilikuwa na sentensi nne tu: "Alizeti ina moto. Nilisema jua linakula kilo. Nilikosea, na kosa ni langu. Naomba mnisaidie kuitoa." Nilisubiri matusi. Mtu mmoja nyuma alisema, "Leo hotuba fupi," na wanawake wawili wakacheka kwa woga, kisha wote wakainama kubeba. Hakukuwa na nafasi ya kunichukia. Magunia yalikuwa mengi.

Tulijaza miamba yote. Mwamba wa Shangazi ndio mkubwa kuliko yote, nao ulikuwa mtupu, kwa sababu alizeti yake ilisema Jumapili na sasa imo ndani kwake, salama. Nilifika kwake na gunia mgongoni, nikashindwa kuomba.

"Mwaga," alisema. "Unangoja nikusomee risala?"

Nikamwaga. Akasawazisha kwa mkono, akaongeza bila kunitazama: "Dakika arobaini uliongea juzi. Ungeniachia mbili tu."

Bwana Mselemu alifika saa tisa na maturubai kumi na mawili. Nilimwamkia tena, ana kwa ana. Aliitika, akavua kofia, akakunja suruali, akaanza kugeuza mbegu kwa reki pamoja nasi.

Ijumaa, 12 Juni

Kugeuza. Upepo unatusaidia. Wenzetu Waislamu walikwenda kuswali na kurudi wakikimbia.

Jumamosi, 13 Juni

Kugeuza.

Jumapili, 14 Juni

Mchungaji alihubiri dakika kumi na mbili, akashuka na kuchukua reki. Mama anasema ndiyo ibada bora ya mwaka huu. Harufu imepungua, au pua zimechoka.

Jumatatu, 15 Juni

Bwana Mselemu amerudi na chupa tupu ya soda na pakiti ya chumvi. Aliianika chumvi juani hadi ikawa kavu kabisa, akaimimina ndani ya chupa, akaongeza konzi ya mbegu, akaziba kwa kidole na kutikisa. Kisha akaiweka kivulini tukanywa chai ya rangi. Tuliporudi, chumvi ilikuwa imeganda ndani ya kioo kama ukungu.

"Inalia maji," alisema. "Gunia hili bado."

Chupa ya pili, ya mbegu kutoka mwamba wa Shangazi, ilikuwa safi. Chumvi iliteleza chini yote.

"Hayo maji ndiyo uliyokuwa unayapima, binti. Nilikwambia haisemi uzito wa nini."

"Ulinyamaza makusudi," nikamwambia. "Ungeweza kunieleza siku ile."

"Ungenisikia?"

Nikaitazama chumvi iliyoganda. Akatikisa kichwa, na kwa haki niandike na hili pia: "Na mimi ningeweza kuliacha lile debe likiwa na mbavu zake zilizonyooka. Tusidaiane sana."

Shangazi aliichukua ile chupa, akaitazama, akaitikisa sikioni, akairudisha. "Nzuri kwa mtu asiye na masikio," alisema. Tukakubaliana hivi: chupa itakamata zile mbichi kabisa, na sikio lake litakamata zinazobaki.

Jumanne, 16 Juni

Siku nzima tumepima gunia kwa gunia. Mzee Ezekieli aliita jina, mimi nilitikisa chupa, Shangazi alidondosha konzi juu ya mwamba na watu wakanyamaza kusikiliza. Ikisema, vigelegele. Isiposema, inarudi juani.

Jumatano, 17 Juni

Magunia mia moja na kumi na tisa yamesema!

Manane yameharibika, mbegu zake zimekuwa nyeusi na chungu; tumeyachoma. Mawili kati ya hayo ni yetu. Nilirudi nyumbani nimeandaa ya kumwambia Mama, nikamkuta jikoni anakaanga mayai, jambo ambalo hutokea Krismasi.

"Mama, tumepoteza mawili."

"Tumebaki na tisa. Mwaka jana nilipata saba. Kula."

Nilikula. Nilipofika katikati ya sahani nililia, na Mama akaniongezea chumvi kama vile ndicho nilichokuwa nalilia. Familia arobaini zitanunua mahindi Novemba. Sijawahi kuandika sentensi ya kiuchumi iliyonipa usingizi mzuri kama hii.

Jumamosi, 20 Juni

Nimeligeuza lile bango langu upande wa nyuma. Shangazi aliagiza, mimi nikachora: mwamba kwanza, kisha chupa, kisha mizani. Hakuna mstari unaopanda. Tumelitundika mlangoni mwa ghala, na chupa tumeifunga kwa kamba kwenye bawaba. Waliokuja kuliona hawakuniuliza maana yake. Walinikosoa tu kwamba mwamba nimeuchora mdogo.

Magunia yote yamepimwa upya. Lililokuwa na kilo sitini na nane sasa lina sitini. Hakuna aliyelalamika kwamba ameibiwa na jua.

Jumamosi, 27 Juni

Bwana Mselemu amenunua, kwa kilo, kwa mizani yetu; hakuna aliyetaka kuingoja Julai tena. Majadiliano yalichukua tangu saa tatu hadi saa saba. Yeye alisisitiza chupa, sisi tukasisitiza kwamba kilo kavu ina mafuta mengi kuliko ile mbichi aliyozoea kununua kwingine, na iwe na bei yake. Hoja hiyo haikutoka kwangu. Aliitoa Mzee Ezekieli, aliyewahi kusema "nimeukuta", na aliitoa mara nne bila kupandisha sauti, hadi Bwana Mselemu akacheka na kuongeza.

"Mwenyekiti, nani amekufundisha?"

"Nimesikiliza tu," akasema Mzee.

Mimi nilishika kalamu. Nilizungumza mara mbili, zote kwa kuulizwa.

Walipomaliza kupakia, Bwana Mselemu alilitafuta debe lake. Tulilikuta nyuma ya nyumba ya mwenyekiti limelazwa ubavu, na ndani yake, juu ya nyasi, amelala yule kuku aliyenyang'anywa mizani. Alituangalia kwa jicho moja.

"Ana mangapi?" aliuliza Bwana Mselemu.

"Tisa," nikamwambia.

Alifikiri kidogo. "Mwacheni. Hilo tumbo linamfaa yeye."

Jumapili, 12 Julai

Kesho nasafiri kuipeleka barua mwenyewe. Nilikuwa na kurasa kumi na moja. Leo mchana nilizisoma zote nikiwa nimekaa kwenye mwamba wa Shangazi, upepo ukitaka kunipokonya karatasi, nami nikafuta. Nilichosema kuhusu chakula cha bwalo kilikuwa kweli, na nimekiacha. Nilichosema kuhusu watu ambao sikuwahi kuwasikiliza nimekiombea radhi. Utangulizi umeondoka wote.

Shangazi alikuja na ndoo ya mtama wa kuanika, akaketi kando yangu.

"Umeimaliza ile barua yako?"

"Nimeimaliza."

"Kurasa ngapi?"

"Nusu."

Aliichukua, ingawa hana miwani, akaipima kiganjani, akairusharusha kidogo karibu na sikio lake.

"Hiyo imekauka," alisema. "Peleka."